Sweta la Sekela

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali kwa sababu wengi waliokuwepo bado wako hai na bado wananuniana, palikuwa na mji wa milimani wenye baridi ya kukunja vidole. Jina la mji silitaji. Nikilitaja, wenyewe watakuja hapa kunisahihisha na hadithi haitafika mwisho. Kaeni vizuri msikilize. Mimi kazi yangu ni kusimulia, kuamua ni kazi yenu.

Katika mji huo aliishi mwanamke aitwaye Sekela. Aliuza uji wa ulezi kando ya stendi ya malori. Kabla jua halijatoka alikuwa amesimama pale, sufuria mbele yake, upawa mkononi, mvuke ukimpiga usoni. Dereva akija, alimpa uji. Mpagazi akija, alimpa uji. Mwendawazimu wa stendi akija, yule aliyemtukana kila mtu, alimpa uji pia, na akimaliza kumtukana alimwongezea. Mwenye nacho alilipa. Asiye nacho alisema asante, na siku ambayo hakusema asante Sekela alimuuliza kama anaumwa.

Picha hakuwahi kupiga. Wenzake walikwenda studio wakarudi na picha zao wamekaa mbele ya pazia lenye maua. Wakamwambia, "Nawe nenda, Sekela." Akajibu, "Nitakwenda siku nikipata gauni zuri. Siwezi kupigwa picha na hili lenye masizi." Mimba ikaja kabla ya gauni. Akajifungua mtoto wa kike, na siku hiyohiyo akafariki. Baba wa mtoto alikuwa dereva wa masafa marefu. Hakuonekana tena stendi ile, na sisi tusipoteze muda kumsubiri.

Mtoto akaitwa Atuganile. Mama Gwakisa, muuza nyanya, alikuwa na kichanga chake mwenyewe, basi akampa Gwakisa ziwa moja na Atuganile ziwa la pili. Alipochoka yeye, mwingine alimpokea. Mtoto akalelewa na soko zima, akalala juu ya magunia ya viazi, akajifunza kutembea kwa kushika meza za watu.

Alipoanza kuuliza, "Mama yangu alikuwaje?" kila mtu alimjibu kwa upendo na kila mtu alimjibu lake. Mmoja akasema alikuwa mrefu. Mwingine akasema hakuwa mrefu, alisimama wima tu. Mmoja akasema alikuwa na mwanya. Mwingine akasema mwanya ulikuwa wa muuza maandazi aliyesimama kando yake. Mtoto akawa na vipande vingi vya mama, na usiku akijaribu kuviunga havikukubali. Hilo lilimuumiza, ingawa hakulisema.

Miaka ikapita. Atuganile akawa msichana mkubwa, fundi cherehani mwenye kibanda chake palepale sokoni. Manispaa nayo ikapanua barabara, ikajenga kipilefti, ule mduara ambao magari huuzunguka. Mduara ukakaa mahali palepale alipokuwa akisimama Sekela na sufuria lake. Hakuna aliyekumbuka kuuliza.

Kisha madiwani wakakaa kikao. Wakasema mduara mtupu ni aibu, iwekwe sanamu. Sanamu ya nini? Simba. Kwa nini simba? Kwa sababu mji jirani una simba. Mji wa Sekela haukuwahi kuona simba ila kwenye boksi la viberiti, lakini kikao kilishapitisha, na kikao kikishapitisha nani tena wa kubisha?

Wakamwita Fundi Ambokile. Huyu alikuwa mtu wa saruji. Alijenga matangi ya maji na misalaba ya makaburini, na siku ambazo hakuna aliyetaka tangi wala aliyefiwa, alitengeneza ndege na watu wa saruji, akawapanga uani kwake. Majirani walimwona amepungukiwa kidogo. Manispaa ikampa saruji, nondo na waya, ikamwambia, "Mzee, tunataka simba anayenguruma."

Ambokile akaanza simba. Akasuka nondo za miguu, akasuka nondo za mgongo. Mafundi wengine huficha kazi nyuma ya turubai mpaka iishe. Yeye hapana. Yeye alifanya kazi hadharani, na aliyepita akisema neno, Ambokile alisimama akamsikiliza. Asubuhi moja dereva mzee wa lori akashuka, akamtazama simba, akasema, "Fundi, hapo unapochimba ndipo alipokuwa akisimama Sekela."

Ambokile akaweka sepetu chini. Ujana wake wote alikuwa amekunywa uji wa Sekela. Akaketi juu ya mfuko wa saruji, akalia waziwazi, magari yakimzunguka. Alipomaliza kulia akachukua msumeno, akakata miguu miwili ya simba. Miwili iliyobaki akaisimamisha, ikawa ya mtu.

Kuanzia siku hiyo soko zima likageuka mafundi. Mama Gwakisa akipita na kikapu alisema, "Shingo hiyo ndefu mno, Sekela hakuwa twiga." Ambokile akapunguza. Muuza dagaa akasema, "Mkono wa upawa aliunyanyua zaidi, kama anakuita." Ambokile akapandisha. Pua ilibomolewa na kujengwa, ikabomolewa na kujengwa, mpaka Ambokile akatishia kumwacha mwanamke wa watu bila pua. Lakini pua ikapatikana. Macho yakapatikana. Mdomo ndio ulioshindikana. Huyu alimkumbuka akicheka, yule alimkumbuka amenyamaza, na mdomo wa saruji hauwezi kufanya yote mawili.

Basi Ambokile akamwita Atuganile. "Binti, kaa hapa juu ya ndoo unitazame. Mfikirie mama yako."

"Sina cha kufikiria, fundi. Sikumwona."

"Basi fikiri kwamba hukumwona."

Atuganile akakaa juu ya ndoo akafikiri hivyo, na Ambokile akatazama mdomo wake, akafanya kazi upesi kabla saruji haijakauka. Alipomaliza, Mama Gwakisa akapita na kikapu chake cha nyanya. Akasimama. Akatua kikapu katikati ya barabara, lori likapiga honi, hakusikia. "Ndiye," akasema. "Jamani, ndiye."

Siku ya uzinduzi Meya, ambaye hakuwahi kupita kukagua kazi, alikuja kuzindua simba, akakuta mama mwenye upawa. Uso ulimshuka. Lakini mgeni wa heshima alikuwa ameshateremka garini na bendi imeshaanza kupiga. Meya akakohoa, akageuza hotuba hapohapo, na kila palipokuwa na neno simba akasema akina mama. Watu wakapiga makofi. Wakabandika bamba la marumaru lenye jina la Meya kwa herufi za dhahabu. Jina la Sekela halikuwepo. Jina la Ambokile halikuwepo. Alipouliza, akaambiwa bamba limejaa.

Watu walipotawanyika, Atuganile akavuka barabara peke yake. Akasimama mbele ya sanamu, mikono hajui aiweke wapi. Kisha akasema, "Shikamoo, mama." Alikuwa mtu mzima, na hakuwahi kuuambia uso wowote maneno hayo kwa maana yake kamili. Kuanzia hapo kila asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, alipita kumwamkia.

Ikaja Juni. Mnajua Juni ya milimani? Ukungu unaingia mpaka ndani ya soksi. Mama Gwakisa akasema, "Mimi siwezi kunywa chai ya moto hapa na Sekela amesimama pale mabega wazi." Wenzake wakamcheka. Kesho yake akaenda na kamba akampima kifua sanamu, akampima na mikono, magari yakipiga honi. Wakachanga nyuzi za sufu, wakagawana kazi, huyu akafuma mgongo, huyu mkono, wakamfumia Sekela sweta jekundu. Vifungo wakaviweka mgongoni, kwa sababu mkono wa upawa haukunjiki. Mji mzima ukacheka, kisha mji mzima ukazoea. Baridi ilipoisha, kila mmoja alingoja mwenzake ndiye amvue. "Muacheni," wakasema, "asubuhi bado kuna ubaridi." Mvua zikamkuta amevaa. Na kila Juni wakamvisha jipya.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye tatizo. Sufu ikilowa inakaa na maji. Maji yale yalikaa begani kwa Sekela msimu mzima, yakapenya saruji, yakafika kwenye nondo. Nondo ikashika kutu, kutu ikavimba, saruji ikapasuka. Ufa ukashuka kutoka begani mpaka kwenye kiwiko cha mkono wa upawa. Kila mwaka Ambokile alikwenda manispaa kuomba rangi ya kuzuia maji, na kila mwaka aliambiwa hakuna kifungu cha fedha.

Mhandisi wa manispaa akaja, akagonga bega kwa nyundo ndogo, akasikiliza. Akasema, "Mkono huu utamwangukia mtu." Na hakusema uongo, nataka mlijue hilo. Lakini aliposema hivyo madiwani hawakuuliza utatibiwaje. Walisema, "Vizuri, tulitaka kuweka taa za kuongozea magari. Ivunjwe." Ambokile hakuulizwa. Soko halikuulizwa. Atuganile alikuwa kwenye cherehani aliposikia mtambo ukinguruma.

Aliyekuwa juu ya mtambo ni Nkwabi, dereva wa kijiko, ule mtambo wa kuchimba na kubomoa, mgeni aliyetoka mbali huko Usukumani. Sekela hakumjua, uji wake hakuunywa. Aliambiwa vunja, akaja kuvunja. Akausogeza mtambo kwa nyuma ya sanamu, akanyanyua mkono wa chuma juu, tayari kuushusha. Ndipo akaona vifungo. Kimoja kilikuwa kimefunguka, na upepo ulikuwa unalifungua sweta mgongoni.

Nkwabi akazima mtambo. Akashuka, akapanda juu ya msingi wa sanamu, akakifunga kile kifungo. Alipokwisha kukifunga, akaona hawezi tena kumpiga.

Msimamizi akampigia kelele, "We Nkwabi, vunja!" Nkwabi akajibu, "Nitamtoa, bosi. Kuvunja siwezi." Akachimba taratibu kuzunguka msingi, akapitisha minyororo iliyofungiwa magunia isimchubue, akamnyanyua Sekela mzima. Kazi hiyo ilimchukua kutwa nzima. Akamlaza kwenye yadi ya manispaa, nyuma ya magari mabovu ya taka, na jua halijazama alikuwa ameshafukuzwa kazi. Asubuhi Atuganile, ingawa alikuwa amemwona akiondolewa, alikwenda pale kwenye kipilefti kwa mazoea, akakuta shimo.

Uchaguzi ukaja. Madiwani wengine wakaanguka, na Meya wa bamba akaanguka nao. Akachaguliwa Meya mpya, mama mmoja aitwaye Edina. Alipokuwa anakagua yadi akamkuta Sekela amelala chali na sweta lake, upawa umeelekea mbinguni. Edina akaona aibu, na kwa mwenye cheo hilo si jambo dogo. Akamrudisha Nkwabi kazini. Kisha akatangaza mji mzima: "Tulikosa. Pale njia panda sasa pana taa, hapana nafasi tena. Lakini mama huyu hatabaki hapa yadi. Mwenye haki naye aje amchukue."

Alidhani atakuja mmoja.

Siku ilipofika yadi ilijaa. Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kujipanga juu ya mlima. Nkwabi alikuwa juu ya mtambo wake, minyororo tayari. Edina akauliza, "Nani ana haki na Sekela?"

Fundi Ambokile akasogea mbele. Alikuwa amezeeka, mikono imekauka kwa saruji, kifua kinapiga filimbi akipumua.

"Sekela ni wangu, Mheshimiwa, na nitasema kwa nini. Nyie mlitaka simba, mimi nikawapa mtu. Jina langu hamkuliandika. Sasa nimechoka, narudi kijijini kwetu chini ziwani, kule kuna joto, kifua kitapumua. Nataka niende naye nikamtibu. Kutu iko ndani ya mfupa. Mkimwezekea bati, mkimfunika turubai, kutu itaendelea kula tu. Lazima afunguliwe bega, na ni kazi ya miezi, mimi kupanda na kushuka mlima huu siwezi tena."

Edina akamuuliza, "Mzee wangu, huwezi kumwelekeza fundi mwingine hapa mjini?"

"Nondo zake ni za simba aliyekatwa, mama. Mimi tu ndiye ninayejua simba anaishia wapi na Sekela anaanzia wapi. Fundi mwingine akifungua mahali pasipofaa, atamwangusha."

Watu wakatazamana wakasema, "Huyu ana haki."

Mama Gwakisa akasogea mbele, wenzake wa sokoni nyuma yake.

"Sekela ni wetu, Mheshimiwa, na nitasema kwa nini. Mkono ulikuwa wa fundi, sikatai. Lakini fundi alijua nini? Alikunywa uji akaenda zake. Sisi ndio tuliokaa na Sekela, tukacheka naye, tukamzika. Shingo ile ni maneno yangu. Mkono ule ni maneno ya huyu hapa. Mtoto wake tukamnyonyesha. Tumpe nafasi ndani ya soko, chini ya bati, pale penye nyanya zangu. Atakuwa na sisi. Na sweta lake tutamfulia."

Hapo sauti ya mhandisi ikatoka nyuma ya watu: "Sweta lenu ndilo lililompasua!"

Mama Gwakisa akageuka. Hakuwa anajua. Hakuna aliyewahi kumwambia. Akamtazama Ambokile usoni. "Fundi, ni kweli?"

Ambokile akatazama chini. "Ni kweli, mama. Maji ya sufu."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu sweta la kwanza."

"Na hukusema? Miaka yote hiyo unapita pale, unatusalimia, husemi?"

"Nilikuja mara nyingi nikitaka kusema," mzee akasema. "Nikifika namkuta amevaa, amependeza. Nashindwa. Nilijiambia manispaa itatoa rangi, rangi itamkinga, hamtahitaji kujua."

Mama Gwakisa akajifunika uso kwa upande wa kitenge chake, na wenzake wakamshika mabega. Alikuwa amempasua mwenzake kwa mikono yake mwenyewe, kwa kumpenda, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Ndipo Nkwabi akasema kutoka juu ya mtambo, na hakuwa mtu wa maneno mengi:

"Mama, usilie hivyo. Bila lile sweta mimi ningempiga."

Watu wakasema, "Na huyu mama ana haki."

Wakampigia Nkwabi kelele, "Nawe sema dai lako! Bila wewe angekuwa kokoto!" Nkwabi akatikisa kichwa. "Mimi nina chumba kimoja na mke anayenisubiri. Nilifunga kifungo tu. Mwambieni anayemchukua asimwache mgongo wazi."

Ndipo Atuganile akaja. Alikuwa ameolewa mwaka ule, na tumbo lilikuwa limeanza kuonekana. Mumewe alikuwa fundi umeme wa mji wa mbali huko bondeni, na alikuwa amekuja na pikapu ya kuazima. Atuganile alisimama, na kabla hajasema kitu alimwamkia Mama Gwakisa, akamwamkia Fundi Ambokile, akamwamkia Meya, kama alivyolelewa.

"Sekela ni wangu," akasema, "na nitasema kwa nini. Nyinyi wote mnaye. Fundi akifumba macho anamwona na upawa. Mama, wewe ukifumba macho unamsikia anacheka. Hata mkinyang'anywa huyu wa saruji, yule mwingine hamnyang'anywi. Mimi nikifumba macho hakuna mtu. Mimi nina huyu tu. Naondoka na mume wangu kesho, na huko niendako hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona. Mwanangu ataniuliza, nami sitaki kumjibu kwa vipande."

Mama Gwakisa akafuta macho. Alimpenda mtoto yule kama alivyompenda Gwakisa, labda zaidi, na ndiyo maana ilimuuma kusema alichosema.

"Mwanangu, mdomo ule ni wako. Ulikalia ndoo, fundi akautazama wako akaujenga. Huyo unayemtaka nusu yake ni wewe mwenyewe. Kioo unacho. Sisi ukimwondoa tunabaki na nini? Na wewe umeshaondoka."

"Najua ni wangu, mama. Nilikuwepo." Atuganile akajaribu kutabasamu, akashindwa. "Lakini ulipotua kikapu barabarani ukasema ndiye, hukusema ni mimi. Ulisema ni yeye. Siku ile ndiyo niliyojua mdomo huu nimeupata wapi. Mpaka siku ile nilidhani ni wa bahati tu."

Ambokile alikuwa anafuta pua kwa mkono wa shati. Watu wakasema kwa sauti ndogo, "Na huyu ana haki. Huyu ana haki kabisa."

Mngedhani wameisha. Lakini Meya Edina naye akashuka ngazi za ofisi, akasimama pamoja na wadai wengine, mkufu wa cheo chake ameuvua.

"Nami nina dai," akasema. "Si langu, ni la mji. Najua tulivyomtenda, na mkinizomea mtakuwa na sababu." Wengine wakamzomea kweli. Akangoja wamalize. "Fundi anampeleka ziwani. Binti anampeleka bondeni. Soko litamweka ndani, na jioni soko linafungwa. Na yule dereva anayepita alfajiri? Na mpagazi? Na wale watakaozaliwa mji huu, ambao si wanawe, hawakuwa rafiki zake, na ambao Sekela angewapa uji bila kuwauliza wao ni nani? Alisimama barabarani kwa ajili ya kila mtu. Mimi nitamjengea banda mbele ya ofisi, kando ya barabara, hata mvua ya upepo isimfikie. Bamba jipya, jina la Sekela na jina la Ambokile, langu lisiwepo. Bega atafungwa vyuma na mhandisi wetu, hata kama halitapona vizuri. Mkimchukua nyinyi, mji huu utabaki na taa tatu za rangi tu."

Mama Gwakisa akamuuliza, "Na tutaruhusiwa kumvisha?"

Edina akasita. Hakutaka kumdanganya. "Mhandisi anasema sweta hapana, mama. Na patakuwa na uzio."

"Basi atakuwa salama na baridi," akasema Mama Gwakisa.

"Atakuwa salama," akasema Edina, "na atakuwepo."

Watu wakakuna vichwa. Hata wale waliomzomea wakanong'onezana, "Na huyu naye, jamani, hajakosea."

Ngurumo ikasikika mlimani. Mmoja akashauri wapokezane kwa zamu, kila mtu mwaka wake. Ambokile akakataa: bega lile litavumilia safari moja, kwa ya pili litaachia. Mwingine akashauri Ambokile atengeneze sanamu nyingine zinazofanana naye. Mzee akanyoosha mikono yake watu waione inavyotetemeka. "Bega moja itaweza," akasema, "mwili mzima tena haiwezi."

Basi Nkwabi akakaza minyororo, akamnyanyua Sekela taratibu kutoka ardhini. Akaning'inia pale hewani mbele ya watu wote, amesimama wima tena kwa mara ya kwanza tangu siku ile, mkono wa upawa mbele, sweta jekundu limefungwa mpaka kifungo cha mwisho. Upande mmoja lori la kwenda ziwani lilikuwa limeshusha ubao wa nyuma. Upande mwingine mkokoteni wa sokoni ulikuwa umetandikwa magunia. Kwenye geti pikapu ya kuazima ilikuwa na godoro, maana Atuganile aliona mama yake hawezi kusafiri juu ya bati tupu. Na mbele ya ofisi shimo la msingi lilikuwa limeshachimbwa. Tone la kwanza la mvua likamwangukia Sekela begani, palepale kwenye ufa, na kila mtu yadini alishtuka kama limemwangukia yeye.

Nkwabi akainamisha kichwa kutoka juu ya mtambo. "Nimshushe wapi?" akauliza. Edina akamtazama Ambokile. Ambokile akamtazama Mama Gwakisa. Mama Gwakisa akamtazama Atuganile, mtoto aliyenyonya kwake. Atuganile hakumtazama mtu yeyote ila mama yake.

Mimi nimefika hapo, mbele sijui. Dereva anangoja jibu na mvua haingoji. Mlioketi hapa, msinung'unike, semeni kwa sauti. Kwanza niambieni mtakwenda kuwaambia nini wale mtakaowanyima. Halafu nijibuni: fundi aliyemtengeneza na anayeweza kumponya, soko lililomkumbuka na kumvisha, binti asiye na mama mwingine, au mji aliosimama barabarani kuulisha alfajiri zote zile, nani kati yao alistahili kuondoka na Sekela?